Nafasi ya Jina la Mtemi

Siku tuliyoanua matanga ya mume wangu, Gervasi, watu wakiwa wameshaanza kuaga na sufuria zinakwanguliwa uani, aliingia mama mmoja mrefu, kichwa cheupe, anatembelea fimbo. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Mikono ile yenye vidole virefu na kucha zilizokatwa fupi kama za mwanafunzi wa masista niliitazama kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na sikuwa naitazama kwa mapenzi. Alikuwa Leokadia. Alikuwa ametoka Moshi kwa basi la alfajiri, amezeeka kama nilivyozeeka mimi, na bado wazee wawili watatu wa kwetu waliokuwa wamekaa barazani waliinuka wakapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa, kama wanavyosalimiwa watu wa ukoo wa mtemi. Nikasema moyoni, hata leo? Hata kwenye matanga yangu? Halafu nikaona haya, maana matanga hayakuwa yangu, yalikuwa ya Gervasi, na Gervasi angekuwepo angepiga makofi kuliko wote.

Shule yangu iliishia darasa la sita. Nina tabia ya kuandika mstari mmoja au miwili kila siku kabla sijalala, tabia niliyoianza mwaka huo ninaotaka kuusema, na nikiisoma mistari ile leo najicheka. "Jumamosi. Kaja. Nimepika nyama." "Jumamosi. Kaja. Hakumaliza chai." Jina lake siliandiki, naandika "kaja" tu, kama vile Dar es Salaam nzima hakuna mtu mwingine anayekuja. Sijui kama mtu anayeandika hivyo anaweza kuaminiwa kusimulia habari ya mwenzake. Nitajaribu kumtendea haki. Kwangu hiyo ni kazi kama ya kupandisha maji ghorofani, ndoo kwa ndoo.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, miaka ya Ujamaa, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, nyumba ya Bi Mwajuma, mwanamke wa pwani aliyekuwa akikaa kizingitini na ungo wake wa mchele tangu asubuhi, na kila aliyepita alipata neno lake. Chumba kilikuwa na kitanda, mkeka, jiko la mafuta ya taa, meza yenye taipureta, na chini ya dirisha mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, imefunikwa gunia la katani. Na pembeni ya mashine, mahali pazuri kuliko pote, penye hewa, palikuwa na kigoda cha miguu mitatu kimefunikwa kitambaa cheusi. Hicho hakikaliwi. Kilichongwa kwa mfano wa kigoda cha Mtemi wetu kule bara, na Gervasi alikuja nacho kwenye treni amekipakata. Mimi nilipika nimechuchumaa, nikala mkekani, wageni wakakalia debe la mafuta lililogeuzwa, na kigoda kikakaa peke yake kinapigwa upepo. Siku ya kwanza Bi Mwajuma alipochungulia akasema, "Eti mwanangu, hiki kiti kina mwenyewe?" Nikamwambia ni cha Mtemi. "Anakuja lini?" Nikamwambia haji. "Haji! Na kodi yake nani analipa?" Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Nilicheka naye, ingawa nilikuwa mke wa siku chache na sikujua kama ninaruhusiwa.

Nchi yetu sitaitaja, wanaotoka huko watajijua. Ni ndogo, iko mbali, na ilikuwa na watemi mpaka Serikali ilipofuta utemi nchi nzima baada ya Uhuru. Mtemi wetu wa mwisho alihamia mji mwingine akawa anaishi kama mtu yeyote, na Gervasi, aliyekuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini, akaanzisha gazeti. Nikisema gazeti msifikirie magazeti ya kuuzwa stendi. Zilikuwa karatasi chache zilizobanwa pini, zinatoka kila Jumamosi, zinapelekwa kwa mkono kwa watu wa kwetu waliotawanyika Temeke, Magomeni, Ilala na kambi za katani. Liliitwa "Kiti". Lilieleza mvua ya kwetu, nani kazaa, nani kafa, ng'ombe wa nani wamepotea, na mbele ya yote hayo lilieleza habari za Mtemi, kwamba ni mzima, anawasalimu, na siku yake iko.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamisi, fundi viatu, alikuja siku moja amevaa koti. Hakuja kwa ubaya, lazima niseme. Alikaa juu ya debe, akalitazama gazeti, akasema, "Bwana Gervasi, watemi si walishafutwa?" Gervasi akajibu, "Walifutwa, Mzee." "Sasa wewe hapa unaandika nini?" "Salamu, Mzee." "Basi liite salamu! Hili neno Kiti, mwenzangu, likifika ofisini mimi nitaulizwa, na mimi nina watoto." Jioni ile Gervasi alikuwa mchangamfu kama mtu aliyepandishwa cheo. Akanisimulia habari aliyopewa na padri mmoja Mfaransa alipokuwa misheni. Kwao Ufaransa, alisema, lipo gazeti la watu wanaotaka mfalme wao arudishwe, ilhali mfalme wa mwisho aliondoka zamani za mababu. Baada ya vita kubwa likafungwa, kwa sababu Wajerumani walipoikalia nchi lenyewe lilisimama upande mbaya, na mzee aliyekuwa akiliandika akatiwa jela. Sehemu hiyo ya Wajerumani Gervasi aliisema haraka haraka. "Unajua walifanya nini? Walikaa kimya kidogo, wakatoka tena kwa jina jingine! Watu wale wale, maneno yale yale."

"Na mfalme akarudi?" nikamuuliza.

"Hajarudi."

"Sasa?"

"Sasa wanaandika." Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. Akaongeza kwamba hata huyo mwenye haki ya ufalme aliwahi kulikana gazeti hadharani, akasema hawamsemei yeye, na wao hawakuacha. Nilipokuwa naosha vyombo nilifikiria hao wake za Wafaransa. Nilijiuliza kama na wao walikuwa na kiti kisichokaliwa karibu na dirisha.

Basi likaitwa "Salamu za Nyumbani", na kazi ikaendelea. Mimi nilikuwa nimejifunza taipu kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, kwa hiyo mimi ndiye niliyekata stensili, ile karatasi ya nta ambayo herufi zinaitoboa na wino unapitia kwenye matundu. Nilichapa kila kitu isipokuwa jina la Mtemi. Kwa desturi yetu jina la mtemi aliye hai halitajwi ovyo, na mkono wa mtu wa kawaida hauliandiki. Kila lilipokuja niliruka, nikaacha nafasi ya herufi sita, nikaendelea. Na Jumamosi baada ya saa za kazi alikuja Leokadia, binti wa Mtemi, aliyekuwa anasomea uuguzi mjini, akachukua kalamu ya ncha ya chuma akazijaza zile nafasi kwa mwandiko wake, mwandiko wa kulala, wenye mkia mrefu mwishoni. Gazeti zima lilikuwa herufi za mashine, halafu ghafla ule mkia. Watu wa kwetu wasiojua hata kusoma walikuwa wakiutafuta kwa kidole, wakiupata wanalikunja gazeti wameridhika.

Nilichapa ukurasa baada ya ukurasa mpaka vidole vinauma, na hakuna aliyetafuta kazi yangu kwa kidole. Ndivyo ulivyoanza wivu wangu, kwenye nafasi ile ndogo. Ukaendelea kwenye mambo mengine. Leokadia alikuwa wa umri wangu, lakini alipoingia, mume wangu alipiga magoti. Alimpa maji kwa mikono miwili, macho chini. Leokadia alimwita "Gervasi", hivi hivi, jina tupu, wakati mimi niliyelala naye sikuwa na kinywa cha kulitaja. Hatukuwa na mtoto bado wa kumwitia, kwa hiyo nilimwita "wewe" nikiwa nimefurahi na "bwana" nikiwa nimekasirika. Alikalia kigoda. Aliondoa kitambaa, akakikunja, akakaa, maana yeye ndiye pekee mjini mwenye haki hiyo, na mimi nikiwa kwenye jiko langu nikamwona anapigwa upepo wangu. Na samaki hali. Watu wa ukoo wao hawali samaki. Siku sita tulikula changu na dagaa wa Feri kama watu wote, siku ya saba nikapanga foleni ya nyama sokoni nikirudi na mifupa zaidi ya nyama, na sukari ya wiki ikaishia kwenye kikombe chake. Haki yake ni hii, kwamba hakuomba hata kimoja. Alisema "ahsante, Yustina" kila mara, na mara moja aliniletea dawa ya kifua kutoka hospitali bila kuambiwa kwamba nakohoa. Nilimchukia zaidi kwa dawa ile.

Katikati ya masika, siku ya katikati ya wiki, nilirudi kutoka sokoni nimelowa, kikapu kichwani, nikasukuma pazia. Gervasi alikuwa chini sakafuni analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Leokadia amesimama, mkono wake uko juu ya kichwa chake, vidole vile virefu ndani ya nywele zake. Waliponiona, mkono ule uliondoka. Lazima niseme mlango ulikuwa wazi na ni pazia tu lililoshushwa, tena lilishushwa kwa sababu ya mvua. Leokadia akachukua mwavuli wake, akasema "ahsante, Yustina", ingawa siku hiyo sikuwa nimempa kitu, akatoka.

"Kuna nini?" nikamuuliza mume wangu.

"Mambo ya kwetu."

"Mimi si wa kwetu?"

Akanipokea kikapu, akanipa kanga kavu. Kwa kweli mimi nilizaliwa kambi ya katani Morogoro, desturi za ikulu ya Mtemi nilizijua kwa kusimuliwa, na alikuwa akinikumbusha hilo kwa upole, upole ambao haukunisaidia. Tangu siku hiyo wakawa wananong'ona. Jumamosi ikija, anajaza nafasi zake, mkia mrefu uko pale pale, Mtemi mzima anawasalimu, halafu wanasogea dirishani wanateta. Gervasi akakonda. Nikipika anachezea ugali. Bi Mwajuma hakuniacha nipumue. "Mwanangu, mie sisemi kitu. Mie mpangishaji, mie macho yangu kwenye mchele. Lakini huyo mgeni wenu wa Jumamosi sasa anakuja na Jumatano, wallahi, na mwenzio anakimbia kutoka bandarini kama ameitwa na king'ora. Haya, mie sikusema." Nikasema ni shughuli za gazeti. "Gazeti gani linamliza mwanamume?" Nililala nikilitafakari swali hilo, ubavu wangu na ubavu wake, naye ameelekea dirishani kwenye kigoda.

Nilichokuwa nataka ni kitu kidogo. Nilitaka Jumamosi moja ambayo mume wangu angerudi kutoka kazini, akae mahali penye upepo, ale nilichopika, anitazame. Nilishaamua kwamba kama kiangazi kitaisha bila Jumamosi hiyo nitafunga nguo zangu nirudi Morogoro. Sikumwambia mtu. Niliandika tu, "Mpaka vuli."

Karibu na vuli, Jumamosi moja, meli ilichelewa na Gervasi akabaki bandarini. Leokadia alikuja akanikuta nachapa. Kwa mara ya kwanza tulikuwa wawili. Nikampa chai. Akakaa pale pake, akawa anaipuliza, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema.

"Binti Mtemi, mimi sijui kuzunguka. Unamtaka mume wangu?"

Akaweka kikombe chini. "Gervasi?"

"Ndiyo. Huyo huyo Gervasi."

"Yustina, mimi nina mchumba. Mchaga, ana duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru. Amenisubiri mpaka ndugu zake wanamcheka."

"Basi si uolewe!"

"Siwezi," akasema. "Baba amekufa."

Alisema kawaida, kama mtu anayesema mvua inanyesha. "Alikufa masika. Habari nilileta siku ile uliyonikuta hapa." Akanieleza yale niliyopaswa kujua kama ningezaliwa kwetu. Kifo cha mtemi hakitangazwi mpaka mwingine akalie kigoda, na matanga hayakaliwi, wala mabinti zake hawaolewi, mpaka kitangazwe. Kule kwetu zamani siri ilikaa siku chache. Sasa kigoda kimefutwa, hakuna wa kukikalia, kwa hiyo hakuna siku ya kutangaza. "Baba hafi," akasema, na akacheka kidogo kicheko kibaya. "Nimemwambia Gervasi, andika. Watu wanalisikiliza gazeti lako kuliko wanavyowasikiliza wazee. Andika tu neno moja. Nimempigia magoti, Yustina. Mimi! Anasema mkono haumtii. Anasema tungoje."

"Mngoje nini?"

"Muulize mumeo." Halafu akasema jambo ambalo nadhani hakukusudia kulisema. "Na baba hakuwahi kulisoma. Alikuwa akiletewa, anafungia tumbaku."

Nilifurahi. Ilinichoma, nikamhurumia Gervasi wangu na magunia yake na wino wake, lakini kwanza nilifurahi. Kumbe na yeye, kama mimi, alipenda mahali ambapo hatazamwi. Furaha ile ikapita, nikaona jambo lenyewe lilivyo. Mtemi aliye hai ungeweza kumngoja, arudi au afe. Huyu aliyekufa bila kufa angekaa chumbani kwangu mpaka mimi niwe bibi, na kila Jumamosi angekuja huyu binti yake kumwandika. Nikamuuliza, "Jina la mtemi aliyekufa, nani anaruhusiwa kuliandika?"

"Yeyote," akasema.

Tukaitazama taipureta wote wawili.

Nilitoa stensili ile yenye nafasi, nikaweka mpya. Yeye akawa ananisomea, mimi nachapa, mvua ya kwetu, waliozaliwa, ng'ombe. Tulipofika penye jina alinyamaza. Nikalichapa. Herufi sita, za mashine, sawa na jina la Mzee Hamisi au la mtu yeyote aliyepotelewa na ng'ombe. Hatukuandika neno la kifo popote. Nilidhani kitu kitaanguka, ukuta au mimi. Nje Bi Mwajuma alikuwa anagombana na muuza mkaa, basi.

Gervasi alirudi jua likiwa limelala upande wa Msimbazi, ananuka katani na moshi wa meli. Akapiga makofi, akanawa, akachukua stensili akaiinua dirishani kuikagua kama kawaida yake. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Leokadia alikuwa amesimama, amekirudishia kigoda kitambaa chake. Gervasi alikaa ameiinua stensili muda mrefu. Mezani palikuwa na kichupa cha dawa nyekundu ya kuzibia makosa. Unapaka, inakauka, unaandika upya juu yake. Akakichukua. Akakifungua, harufu yake ikajaa chumbani. Brashi ikiwa mkononi alinitazama mimi, akamtazama Leokadia, na sikumbuki, wallahi sikumbuki, alimtazama nani mwisho. Kisha akairudisha brashi, akakaza kifuniko, akarudi nyuma akakaa. Akakalia kigoda, juu ya kitambaa cheusi. Hakuna aliyemwambia inuka.

"Wino upo?" akaniuliza.

"Upo."

Akaondoa gunia kwenye mashine akaanza kuzungusha.

Wiki iliyofuata walikuja mmoja mmoja, wa Temeke, wa Magomeni, wanasimama mlangoni, wamenyoa vichwa. Bi Mwajuma akaniita pembeni: "Kwenu mmeingiliwa na chawa?" Tulikaa matanga uani kwake, na alipoelezwa alilia kuliko sisi, akapika yeye wali. Gazeti halikutoka tena. Leokadia akaolewa akahamia Moshi. Jumamosi ya kwanza Gervasi alirudi, akakaa dirishani, nikampa changu wa kukaanga, akala wote, akasema, "Yustina, huyu samaki mtamu." Alikuwa ameniita jina, mara ya kwanza. Niliandika siku hiyo, "Kala."

Tukaishi, tukazaa, tukahama, tukazeeka. Lakini swali langu halikuzeeka. Mkono ule aliozungusha jioni ile ulinipa mimi mume, na mkono huo huo ukampa Leokadia ruhusa ya kwenda. Alizungusha kwa ajili ya nani? Kuna siku nilikuwa na hakika ni kwa ajili yangu. Kuna siku nilimkuta anatazama barabara ya kwenda bara, nikawa sina hakika. Sikumuuliza. Ningepata jibu la upole.

Siku ya matanga ya Gervasi viti vya kukodi vilikuwa vimeshachukuliwa. Kigoda kilikuwa uani, wakwe zangu wakikitumia kukalia wakimenya vitunguu. Nilikifuta kwa kanga nikamwekea Leokadia. Alikitazama, akakisogeza kwa fimbo, akashuka taratibu akakaa mkekani karibu nami. Nikampa chai, sukari tele siku hizi. Akasema, "Mumeo alinifungulia mlango, Yustina. Sijawahi kumshukuru."

Mlango huo, mimi nilidhani ni wangu. Nikamuuliza, kwa sababu sasa hapakuwa na mtu wa kumficha jambo, "Alikwambia kwamba ni kwa ajili yako?"

Akafikiri. "Hakuniambia kitu. Wewe alikwambia?"

"Hapana."

Uani wakwe zangu walikuwa wakikwangua sufuria. Halafu Leokadia akainua kichwa, akawa tena mwanamke yule wa kukalia kigoda, akasema kama mtu anayegawa ng'ombe wa baba yake, "Basi chukua wewe."

Nilimmiminia chai nyingine. Baada ya wote kuondoka nilikaa na daftari langu, nikajaribu kuandika jambo la haki, la kumfaa yeye na la kumfaa Gervasi. Nikaandika mstari mmoja.

"Kaja. Kanipa mume wangu."